Mrija wa nyongo uliobana kwa mgonjwa wa ini: mwongozo kamili kuanzia vipimo hadi siku ya kutoa stenti

Familia nyingi hapa Dar es Salaam hukwama sehemu mbili zilezile. Ya kwanza ni asubuhi ya kuzibua mrija. Mgonjwa amefika, hajala tangu jana, kisha anarudishwa nyumbani kwa sababu damu yake haijapimwa kama inaganda, au kwa sababu juzi alimeza dawa ya kuyeyusha damu na hakuna aliyeuliza. Ya pili huja miezi mitatu baadaye. Kuwashwa kumeisha, macho yamesafika, na stenti iliyowekwa (kijibomba kinachoshikilia mrija uwe wazi) inasahaulika mpaka homa kali inapompata mgonjwa usiku.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ugonjwa wa ini wa muda mrefu ambaye sasa mrija wa nyongo nao umebana. Ini lake linaweza kuwa limeharibiwa na homa ya ini B au C, pombe, mafuta yaliyojaa kwenye ini au ugonjwa wa mirija yenyewe. Na zaidi ni wa yule anayemuuguza, maana ndiye atakayebeba faili. Maamuzi ya tiba yanabaki kwa daktari wenu. Haya yatawasaidia mfike kwake mkiwa tayari.

## Ukiona haya, acha kusoma na uende hospitali

Homa ya kutetemeka, macho ya njano, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Vikikutana vitatu hivi, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyongo iliyokwama imeingiliwa na bakteria. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au presha ikishuka, hali inaweza kuharibika ndani ya saa chache.

Nenda hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, usiku huohuo. Antibiotiki za mshipani zinaweza kuanza hapo wakati mpango wa kuzibua mrija unatafutwa. Usipitie kwanza duka la dawa kununua vidonge vya homa.

Kutapika damu, choo cheusi kinachonata, au mgonjwa kulala kupita kiasi mchana na kuzungumza mambo yasiyoeleweka, navyo ni vya kukimbizwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Barua ya rufaa, hasa kama mnatumia bima. Bila barua mtazunguka kwenye madirisha.
- Majibu yote ya damu, ya zamani na mapya. Ya zamani yana thamani kubwa, kwa sababu daktari anataka kuona bilirubini (rangi ya nyongo inayoleta njano) ilikuwa ngapi miezi sita iliyopita, siyo leo tu.
- CD ya picha za MRI au CT skani. Karatasi ya maelezo peke yake haitoshi. Daktari atakayezibua mrija anahitaji kuona picha kwa macho yake.
- Dawa zote anazotumia, mkiwa na maboksi yake. Wekeni na mizizi, unga na chupa za mitishamba. Msifiche, hakuna atakayewagombeza.
- Wachangia damu wawili au watatu katika ndugu, wenye afya na walio tayari kuitwa.
- Kadi ya bima au fedha. Ombeni makadirio ya gharama mapema, mkiuliza na bei ya stenti, kwani mara nyingine huhesabiwa peke yake. Asiyeweza kulipa aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya matibabu, siyo siku ileile.
- Daftari moja gumu. Kila tarehe, kila namba, kila jina la dawa liandikwe humo.

## Hatua ya 1: Hakikisha njano imetoka kwenye mrija, si kwenye ini pekee

Ini lililochoka linaweza kumfanya mtu awe wa njano bila mrija kubana popote. Ukipeleka mgonjwa wa namna hiyo kwenye uzibuaji, anapata hatari zote na hapati faida.

Tazama choo na mkojo kwa wiki moja na uandike. Nyongo isipofika utumboni, choo hupauka na kuwa cha rangi ya udongo mfinyanzi, na mkojo hugeuka wa rangi ya chai ya rangi. Mwili mzima huwasha, hasa viganja na nyayo, na usiku huzidi.

Kwenye karatasi ya maabara, angalia mistari miwili: ALP na GGT, vimeng'enya vinavyopanda nyongo ikikwama. Hizi zikiwa juu sana kuliko ALT na AST, vimeng'enya vinavyopanda chembe za ini zikiumia, mwelekeo ni wa mrija. ALT na AST zikiwa ndizo zimepaa, ini lenyewe ndilo linaloumia zaidi.

Kisha ultrasaundi. Kwa mtu mzima, mrija mkuu kwa kawaida hauzidi milimita 6 hivi, ingawa kwa mzee au aliyetolewa mfuko wa nyongo unaweza kuwa mpana kidogo. Mirija iliyotanuka ndani ya ini maana yake kuna kizuizi mbele.

Angalizo: ini lenye makovu ni gumu, na mirija iliyo ndani yake inaweza isitanuke hata ikiwa imebana. Kwa hiyo ultrasaundi iliyoandikwa "mirija iko sawa" haifungi mjadala kwa mgonjwa mwenye ini sugu. Ikiwa ALP inaendelea kupanda na kuwashwa hakuishi, omba kipimo cha hatua ya 2.

Umefanikiwa ukiwa na: majibu ya ALP, GGT, ALT, AST na bilirubini ya aina zote mbili, pamoja na ultrasaundi inayotaja upana wa mrija kwa milimita.

## Hatua ya 2: Pata ramani kabla ya kuingia

Kipimo hiki kinaitwa MRCP. Ni MRI inayochora mirija ya nyongo bila kuingiza kitu mwilini na bila mionzi. Mgonjwa hukaa bila kula saa chache, huvua vyuma vyote, na hueleza kama ana kifaa cha moyo au chuma chochote ndani ya mwili.

Watu wengi huuliza kwa nini walipie MRCP wakati ERCP, yaani ule uzibuaji wenyewe kwa kamera inayopita mdomoni, nayo itaonyesha mrija. ERCP ni tiba inayoingia ndani na ina madhara yake. Kuitumia kwa kutafuta tu ni kumtia mgonjwa wa ini hatarini bila sababu. Ramani ikionyesha palipobana, urefu wake na kama ni sehemu moja au nyingi, daktari huingia akijua anakokwenda na hutumia muda mfupi.

Ramani pia husaidia kutafuta chanzo. Huenda ni jiwe, kovu la upasuaji wa mfuko wa nyongo, uvimbe wa kichwa cha kongosho, matezi ya TB yanayoukandamiza mrija kwa nje, saratani ya mrija wenyewe, au ule ugonjwa unaoweka makovu kwenye mirija ya ndani na nje ya ini, unaoitwa PSC kwa kifupi. Kwa anayeishi na VVU mwenye kinga iliyoshuka sana, maambukizi ya mirija nayo hubana. Kila chanzo kina njia yake.

Daktari anaweza kuagiza na kipimo cha damu cha CA 19-9. Mkikuta kiko juu, msianze kulia. Nyongo ikikwama kipimo hiki hupanda hata pasipo saratani, na ndiyo maana hurudiwa baada ya mrija kuzibuliwa.

## Hatua ya 3: Jua ini lina nguvu kiasi gani, na damu inaganda vipi

Hapa ndipo mgonjwa wa ini anapotofautiana na mtu mwingine mwenye mrija uliobana, na hapa ndipo wengi hurudishwa nyumbani. Someni taratibu.

Vipimo vinavyotakiwa ni INR, picha kamili ya damu, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), kreatinini (kipimo cha figo) na chumvi za damu.

INR huonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Kwa mgonjwa wenu inaweza kupanda kwa njia mbili. Ya kwanza, ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na ini lililochoka hutengeneza chache. Ya pili, protini hizo zinahitaji vitamini K, ambayo hufyonzwa pamoja na mafuta, na mafuta hayafyonzwi vizuri nyongo isipofika utumboni. Mtu anaweza kula mchicha kila siku na bado akapungukiwa vitamini K.

Ndiyo maana daktari huagiza sindano ya vitamini K, mara nyingi miligramu 10, kwa siku moja hadi tatu, kisha INR inapimwa tena. INR ikishuka vizuri, lawama kubwa ilikuwa ya mrija. Isiposhuka, ini lenyewe ndilo limepungukiwa nguvu. Kwa hiyo andika kwenye daftari INR mbili, ya kabla na ya baada. Mstari huo mmoja utamsaidia kila daktari atakayemwona mgonjwa baadaye.

Kwenye picha kamili ya damu tafuta PLT, yaani chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Ikisomeka 50 maana yake ni 50,000, na chini ya hapo timu hufikiria kuongeza chembe hizo au kubadili namna ya kufanya kazi. Wachangia damu wenu wanahitajika hapa.

Ukubwa wa tatizo la ini hupangwa kwa madaraja A, B na C yanayoitwa Child-Pugh, C likiwa baya zaidi, kwa kujumlisha bilirubini, albumini, INR, maji tumboni na hali ya akili. Mrija ukiwa umebana, bilirubini hupanda kwa sababu yake na ini linaweza kuonekana bovu kuliko lilivyo. Muulize daktari daraja la mgonjwa, kisha uliza tena baada ya mrija kuzibuliwa.

Kama tumbo limejaa maji, yapimwe kama yana maambukizi na yapunguzwe kwanza. Tumbo lililojaa humzuia mgonjwa kupumua vizuri akiwa kwenye nusu kaputi.

Dawa za kuyeyusha damu: warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, na klopidogreli siku 5 hadi 7. Lakini mwenye valvu ya moyo ya bandia au stenti ya moyo ya karibuni asiache chochote mpaka daktari wa moyo aseme. Kuacha kiholela kunaweza kuleta kiharusi.

Maumivu: diklofenaki na ibuprofeni visimezwe nyumbani. Huumiza figo za mgonjwa wa ini na kuchochea kutokwa damu. Paracetamol inaruhusiwa, lakini kwa mwenye ini lililosinyaa kwa makovu isizidi gramu 2 kwa siku nzima, yaani vidonge 4 vya miligramu 500.

Na mitishamba ya "kutoa nyongo" au "kusafisha ini" isimame tangu siku mliposikia habari ya mrija. Kizuizi hicho hakisafishwi kwa kutapika wala kuharisha. Mgonjwa hupoteza maji tu, figo zinafuata, na tarehe ya matibabu inasogezwa mbele.

## Hatua ya 4: Jioni ya kabla na asubuhi yenyewe

Kwa kawaida chakula kigumu huachwa saa 6 hadi 8 kabla, na maji meupe saa 2 kabla, isipokuwa mmeambiwa tofauti.

Kosa kubwa ni kumfungisha mgonjwa wa ini tangu saa kumi jioni "kwa usalama". Ini lenye makovu halina akiba ya sukari ya kutosha. Njaa ya usiku mmoja humfanya aanze kula misuli yake mwenyewe. Kama miadi ni saa 2 asubuhi, mpe uji na mkate saa 4 usiku, na maji mpaka saa 12 asubuhi. Foleni ikichelewa mpaka mchana, mwambie muuguzi kwamba ni mgonjwa wa ini na hajala, ili apimwe sukari na afikiriwe dripu ya glukosi. Semeni. Mkikaa kimya kwenye benchi hakuna atakayejua.

Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu insulini na vidonge vya asubuhi hiyo. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito aseme, kwa sababu eksirei itatumika.

Ondoa rangi ya kucha, kwani huvuruga kile kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Meno ya bandia yatolewe. Anayetoka Chanika au Mbagala Rangi Tatu afikirie kulala kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Kuchelewa kwa foleni ya barabarani kumewapotezea nafasi wagonjwa waliokuwa wamejiandaa vizuri kabisa.

## Hatua ya 5: Kinachofanyika chumbani

Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na kulazwa, mara nyingi kifudifudi. Kamera nyembamba hupita mdomoni, tumboni, hadi utumbo wa mwanzo ambako mrija wa nyongo hufungukia. Waya mwembamba huingizwa kwenye mrija, rangi inapulizwa, na eksirei huonyesha palipobana. Sehemu iliyobana hutanuliwa kwa puto, huchukuliwa chembechembe kwa brashi ndogo, na ikihitajika huwekwa stenti.

Mdomo wa mrija kwa kawaida hukatwa kidogo ili kupata njia. Kwa mgonjwa wa daraja C, au ambaye damu haigandi vizuri, daktari anaweza kuepuka kukata na kutumia puto, kwani jeraha hilo linaweza kuvuja damu nyingi.

Uchaguzi wa tiba hutegemea chanzo:

- PSC: puto hupendelewa kuliko stenti. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2018 ulikuta stenti ya muda mfupi haikuzidi puto kwa faida, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi. Stenti ikiwekwa, hutolewa baada ya wiki 1 au 2. Mgonjwa hupewa antibiotiki kabla ya kuzibuliwa.
- Kovu la upasuaji: stenti za plastiki, mara nyingi zaidi ya moja, zinabadilishwa kila miezi 3 hivi kwa takriban mwaka mmoja, au ya chuma iliyofunikwa, inayokaa miezi kadhaa.
- Saratani isiyoweza kufanyiwa upasuaji: stenti ya chuma, ambayo huachwa humo.

Ikishindikana kupita mdomoni, kuna njia ya kupitia ngozi chini ya mbavu, mrija ukatokea nje na kumwaga kwenye mfuko. Kwa mwenye maji tumboni njia hii ina hatari kubwa zaidi ya kuvuja na kutokwa damu.

Majibu ya brashi yakisema hakuna saratani, usichukulie kuwa ndiyo mwisho wa swali. Brashi hukosa saratani nyingi, hivyo ufuatiliaji hauachwi.

Usiondoke hospitali bila majibu matatu kwa maandishi: stenti ni ya aina gani, ziko ngapi, na zinatakiwa kutoka au kubadilishwa tarehe ngapi.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza hadi mwezi wa kwanza

Madhara yanayotokea zaidi ni kongosho kuvimba, ambayo huwapata takriban watu 3 hadi 10 kati ya 100. Dalili ni maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya mgongoni, pamoja na kutapika, kwa kawaida ndani ya saa 24. Maumivu haya hayatibiwi nyumbani. Rudini. Vilevile rudini kwa homa, tumbo kuwa gumu, au choo cheusi.

Fuatilieni akili yake. Mgonjwa wa ini akikosa choo baada ya dawa ya usingizi, sumu za utumboni hupanda kichwani. Kama ameandikiwa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku.

Mafanikio huanza kuonekana kwenye mkojo, ambao husafika ndani ya siku chache. Choo hurudi rangi, kuwashwa hupungua, usingizi unarudi. Macho huchelewa, na hapa familia nyingi huingiwa na hofu. Sehemu ya bilirubini huwa imeng'ang'ania albumini, na albumini hukaa kwenye damu wiki kadhaa. Njano ya macho inaweza kuchukua wiki 4 hadi 6, na kwa ini sugu zaidi ya hapo. Mkojo ukiwa mweupe na bilirubini inashuka kila kipimo, subirini.

Kuwashwa kukiendelea, kuna dawa ya unga inayoitwa kolestiramini. Dawa nyingine zimezwe saa 1 kabla yake au saa 4 baadaye, la sivyo unga huo utazifunga tumboni. Maji ya baridi, kanga ya pamba na kucha fupi husaidia kwenye joto la hapa.

## Hatua ya 7: Kuishi na stenti

Stenti ya plastiki huanza kuziba kwa utando wa bakteria na matope ya nyongo. Ndiyo sababu ya ile miezi mitatu. Mgonjwa akijisikia mzima si ushahidi kwamba iko wazi.

Andika kwa kalamu nzito kwenye jalada la daftari: STENTI YA NYONGO, ITOLEWE KABLA YA na tarehe. Tarehe hiyohiyo iwe kwenye simu za watu watatu wa familia, siyo ya mgonjwa peke yake. Ombeni miadi ya kuitoa siku ileile mnayoruhusiwa. Mgonjwa akisafiri kwenda Tanga au Lindi kupumzika, daftari lisafiri naye, na arudi wiki mbili kabla ya tarehe.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika hatua hii. Hapa kwetu kila homa huitwa malaria. Mwenye stenti akipata homa, apimwe malaria ndiyo, lakini kipimo kikiwa chanya au hasi, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme sentensi moja mapokezi: "Nina stenti kwenye mrija wa nyongo na nina homa." Dawa ya mseto peke yake haitamsaidia ikiwa stenti imeziba.

Wakati huo ini nalo litunzwe. Tenofovir ya homa ya ini B isikatizwe hata siku moja bila daktari kusema. Pombe iachwe kabisa. Asinyimwe protini: samaki, maharage, mayai na maziwa vinatakiwa, ila chumvi ipunguzwe kama kuna maji tumboni. Mwenye ini lililosinyaa apimwe ultrasaundi kila miezi 6 kutafuta saratani ya ini mapema. Mwenye PSC afanyiwe pia kolonoskopia, yaani kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, kwani ugonjwa huo hufuatana sana na vidonda vya utumbo mpana.

## Hatua ya 8: Siku ya kutoa

Maandalizi ni yaleyale ya hatua ya 3 na ya 4, na INR ipimwe upya. Ya miezi mitatu iliyopita haifai tena.

Stenti ikitoka, rangi hupulizwa tena kuona kama mrija umebaki wazi. Ukiwa bado mwembamba, stenti mpya huwekwa na hesabu ya miezi huanza upya. Ukiwa wazi, ombeni ALP na bilirubini baada ya wiki 4 hivi, kisha kwa ratiba ya kliniki.

Mrija unapoanza kubana tena, ALP mara nyingi hupanda wiki nyingi kabla macho hayajabadilika. Ukiona namba hiyo imepanda kwa vipimo viwili mfululizo, rudi kliniki na karatasi zote mbili, bila kusubiri njano.